Tusiwanyime Mashahidi Woga Wao

Nimeangalia maigizo ya Mashahidi wa Uganda, Mwanjelwa kule Mbeya na Kihesa hapa Iringa. Waigizaji hawakuwa wabaya. Tatizo ni muswada. Mashahidi wanahubiri tu, hawatetemeki, hawamkumbuki hata mama. Kabaka Mwanga ananguruma kama simba. Tunapiga makofi, halafu basi, kila mtu kwao.

Jamani, historia yenyewe ni nzito kuliko hivyo. Mwanga alishika kiti mwaka 1884; mwaka 1886 alikuwa kijana wa miaka kama 18, anawahofia Wazungu. Kizito, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa kukataa kuiacha dini, alikuwa na miaka kama 14. Na Mbaga Tuzinde je? Mkuu wa wauaji, Mukajanga, ndiye aliyemlea. Alimbembeleza akubali kufichwa. Mbaga akakataa. Mukajanga akaamuru apigwe kwanza rungu la shingo, afe kabla ya moto.

Hapo ndipo penye tamthilia, waandishi wenzangu! Kijana anapendwa na muuaji wake, mlango uko wazi, naye hatoki. Imani yake tunaiona kwa sababu tumekiona anachokiacha. Shahidi asiye na cha kupoteza atatufundisha nini sisi tunaoshindwa kusema kweli mbele ya bosi, au hata mbele ya washikaji?

Basi punguzeni hotuba. Mpeni Mukajanga maneno, Mbaga mpeni kimya. Mtazamaji atajiuliza mwenyewe: ningekuwa mimi?