Sauti Sita za Lockenhaus

Katika mwaka 1981 mpiga fidla Gidon Kremer, mzaliwa wa Riga, alipatana na padre Josef Herowitsch kuanzisha sherehe ya muziki katika kijiji cha Lockenhaus. Kijiji hiki ni kidogo, kipo mashariki ya Austria karibu na mpaka wa Hungaria, nacho kina kanisa na ngome ya kale juu ya kilima. Wapigaji waliotoka katika miji mikubwa walikuja huko wakati wa kiangazi, wakakaa pamoja, wakafanya mazoezi, kisha wakawapigia wageni na wanakijiji.

Muziki wao ulikuwa ule wa watu wachache, watatu au wanne au sita. Wasomaji wetu waimbao katika kwaya watafahamu upesi. Mwimbaji akikosea katika kundi la watu arobaini, wenzake humfunika. Lakini ikiwa kila sauti imechukuliwa na mtu mmoja tu, hana pa kujificha. Wala hapana kiongozi asimamaye mbele na fimbo yake. Hutazamana, husikilizana, na huo ndio uongozi wao.

Hapo Lockenhaus, katika miaka ya 1980, Kremer na wenzake walizifufua kazi za Erwin Schulhoff, ambaye jina lake lilikuwa karibu limesahauliwa. Alizaliwa Prague mwaka 1894, katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa mtoto, Dvořák mwenyewe alimsikia akashauri afundishwe muziki. Alipigana katika vita vya 1914 upande wa Austria, akarudi na uchungu mwingi, na muziki wake ukageuka. Katika mwaka 1919 alitunga kipande cha kinanda chenye alama za kunyamaza tu toka mwanzo hata mwisho, pasipo sauti hata moja! Mzaha ule twaucheka, walakini hatuoni kwamba ni kazi ya kurudiwa mara mbili.

Kazi yake ya fidla mbili, viola mbili na selo mbili ni jambo jingine kabisa. Twaliisikiliza kwa santuri jioni tatu mfululizo. Sehemu ya kwanza aliiandika mwaka 1920, na zile tatu nyingine hakuzimaliza mpaka 1924, mwaka ule ule ilipopigwa mara ya kwanza huko Donaueschingen. Msikilizaji huyaona maungio. Sehemu ya kwanza ni kali, sauti zagongana kama watu wagombanao mlangoni, na jioni ya kwanza, twakiri, tulitaka kuiondoa santuri. Ya pili yatulia. Ya tatu yaenda mbio, tena kwa dhihaka, miguu yataka kucheza na moyo haukubali. Kisha, pale tulipotazamia kishindo cha kumalizia, mtunzi aliweka sehemu ya polepole, sauti sita zikishuka na kufifia hata hujui ni wakati gani zilipokoma. Jioni ya tatu hakuna mtu nyumbani aliyesema neno kwa kitambo.

Twataja sasa kufa kwake, na tumekichelewesha kisa hiki makusudi. Wanazi walipiga marufuku muziki wake. Katika mwaka 1941, akiwa amekwisha kupata uraia wa Urusi ya Kisovieti, alikamatwa, akapelekwa katika kambi ya Wülzburg katika Bavaria, akafa huko kwa kifua kikuu mwezi wa Agosti 1942. Wengi wanaomwandikia habari huanza na kambi hiyo, na msikilizaji huketi kwa huruma kabla hajasikia sauti ya kwanza. Sisi twaona kwamba kufanya hivyo ni kumpunja mara ya pili. Kazi ile ya sauti sita ilikamilika miaka 18 kabla ya kifo chake, na iliandikwa na mtu mwenye afya, mwenye kiburi na mzaha. Ni nzuri kwa nguvu zake yenyewe. Na huruma isitufanye tuzisifu zote sawasawa, kwa maana vipande vyake vya kinanda vya mtindo wa jazi vyachangamsha, lakini husahauliwa mara.

Labda msomaji ataona ajabu kwamba sherehe iliyoasisiwa pamoja na padre ilimwinua mtu aliyekuwa Mkomunisti, tena aliyeitungia muziki Ilani ya Kikomunisti katika mwaka 1932. Sisi hatuoni aibu kwa padre yule. Mtunzi alikuwa amekufa, hana wa kumtetea, na kazi ilikuwa njema, mlango ukafunguliwa.

Mwalimu atakayepata nafasi ya kusikiliza, asianze na sauti sita kama tulivyoanza sisi. Aanze na ile ya fidla moja na selo moja ya mwaka 1925, aliyomtolea Janáček. Sauti ni mbili tu, na sehemu ya pili, ya mtindo wa Wagipsi, hata watoto wa darasa la kwanza wataipigia makofi.