Fundi Anayeizuia Ndege

Novemba 1914 rubani Dennis Cutler alipaa kutoka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, akaelekea delta ya Rufiji kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg. Manowari hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha mtambo wake ukaharibika. Ikajificha kwenye mikoko huku vipuri vyake vikipelekwa Dar es Salaam kutengenezwa. Ndege ya Cutler nayo ilikuwa na maradhi yake: rejeta ilivuja, ikabidi itafutwe ya gari la Ford huko Mombasa. Kwa rejeta hiyo aliruka, akaiona manowari. Lakini Desemba alilazimika kutua deltani, akatekwa.

Februari 1915 zikaletwa ndege za Sopwith zenye maboya ya kutulia majini. Kwao Uingereza zilikuwa zimekaguliwa zikaonekana nzima. Hapa joto na unyevu viliidhoofisha gundi iliyoshika mbao zake, na zikipakiwa mabomu hazikuweza hata kunyanyuka. Waliozikagua hawakuwa wavivu. Walijibu swali sahihi kwa mahali pengine. Ndege haifai kuruka kwa jumla tu. Inafaa hapa, leo, kwa mzigo huu, na jibu la jana halimtoshi abiria wa leo.

Ndege za abiria zinazokwenda Mafia kutoka Dar es Salaam, nyingi zikiwa Cessna Caravan za injini moja, bado huruka kandokando ya delta hiyo, na chumvi na unyevu wa pwani ni vilevile. Kwa hiyo nawaomba wanaosubiri kupanda wamtazame fundi akiwa kazini. Kazi yake ni ya polepole, na uzuri wake unaonekana kwa anayekubali kwenda naye polepole.

Tuanze na mafuta. Chini ya bawa, mahali tangi linapoishia, kuna kivalvu kidogo. Fundi hukisukuma kwa gilasi maalumu, mafuta kidogo yakachuruzika, kisha huinua gilasi kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo hutuama chini na mstari ukaonekana kati yao. Mtego ni huu: gilasi ikijaa maji matupu, hakuna mstari wowote. Mtu mwenye haraka huona kitu safi, cheupe, akaridhika. Fundi aliyekomaa hunusa, hupima kwa kidonge kinachobadilika rangi kikikuta maji, na hukataa kuamini usafi aliouona kwa jicho tu. Amejifunza kwamba kutoona kasoro na kutokuwepo kwa kasoro ni mambo mawili.

Tazama pia waya mwembamba unaofunga bolti. Nyuzi mbili husokotwa pamoja na kupitishwa katika vichwa vya bolti ili bolti moja ikitaka kulegea, waya uivute kwenye kukaza. Ukipitishwa upande usio wake, msokoto unaweza kupendeza macho na bado usaidie bolti kulegea. Kwingine huchorwa alama ya rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma inachokalia. Alama ikikatika, nati imezunguka. Vitu hivi vyote vimebuniwa na watu waliokubali ukweli mmoja: mkono wa binadamu utakosea, hata ukiwa hodari.

Ukweli huo ulionekana wazi tarehe 10 Juni 1990, katika ndege ya British Airways iliyoondoka Birmingham kwenda Málaga. Kioo cha mbele upande wa rubani kiling'oka angani, na rubani Tim Lancaster akavutwa nje nusu ya mwili. Wenzake walimshika, msaidizi wake Alastair Atchison akaitua ndege Southampton, na wote wakasalimika. Uchunguzi ulikuta kwamba kioo hicho kilikuwa kimefungwa upya usiku wa kuamkia siku ya kabla ya safari kwa bolti 90. Kati ya hizo, 84 zilikuwa nyembamba kupita kiasi, kwa tofauti isiyofika milimita moja, na 6 zilikuwa fupi. Aliyezifunga alikuwa mkuu wa zamu, mzoefu na mwenye kuheshimika. Alizichagua kwa kuzilinganisha na za zamani kwa macho na mkono, ingawa mtunza stoo alimtajia namba iliyo sahihi. Kazi ile haikutakiwa kukaguliwa na mtu wa pili.

Uzoefu ndio uliomkosesha. Ulimpa uhakika uliomzuia kufungua kitabu. Ndiyo maana kazi zinazogusa mitambo ya kuongozea ndege hukaguliwa na jicho la pili, la mtu ambaye hakuifanya kazi ile. Fundi mwema hachukulii ukaguzi huo kama dharau. Humwita mwenzake, husogea pembeni, humwachia tochi.

Mwisho huja saini, inayosema ndege inatoka. Wakati huo abiria wamekaa, rubani anaangalia saa, ofisi imeshapiga simu. Hapo mtu huanza kujishawishi kwamba kijichirizi cha mafuta ni cha jana. Mwenye ufundi kamili hushuka ngazi, hukipangusa, huwasha injini, kisha hutazama tena palepale. Kikirudi, ndege hailazwi kwenye matumaini, inalazwa uwanjani.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, sasa kinafundisha vijana wetu kazi hii. Wafundishwe injini, na wafundishwe pia kusema "haitoki" bila sauti kutetemeka. Nasi tunaosubiri uwanjani Kilindoni, Mafia, na mizigo yetu tuache kumnung'unikia fundi huyo. Saa tunayopoteza ndiyo kazi aliyoisomea.