Lupu na Sauti: Ufundi wa Muziki wa Nyumbani Eastlands

Ufundi wa kutengeneza muziki nyumbani, kama unavyofanywa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, unastahili heshima ile ile wanayopewa wachongaji na watunzi wa mashairi, kwani umechangia mitindo mizima ya muziki bila kungoja studio kubwa za katikati ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo wa genge ulichipuka katika Calif Records, mtaani California, chini ya mkono wa produsa Clemo, ukabebwa na sauti za Nonini na Jua Cali. Mwaka 2018 kundi la Ethic kutoka Umoja likatoa "Lamba Lolo" na kuifungulia njia gengetone. Na kuanzia 2023 hivi vijana wa arbantone wakairudia midundo ya zamani, wakaikata na kuiunga upya. Mitindo hiyo hutofautiana kwa kasi na mwenendo, lakini yote hutegemea sana lupu, yaani kipande kifupi cha muziki kilichokatwa hivi kwamba mwisho wake hupokelewa na mwanzo wake, kikazunguka bila msikilizaji kuuhisi mshono.

Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kurudia ni uvivu. Hukumu hiyo haina haki, kwa sababu gitaa la benga na ngoma za isukuti zilikwisha kuyazoeza masikio ya Wakenya, muda mrefu kabla ya kompyuta kufika, kwamba kinachorudiwa vizuri humpa mwimbaji uhuru wa kucheza na maneno. Lupu nayo haivumilii uzembe. Katika wimbo wenye kasi ya mapigo 96 kwa dakika, mzunguko wa mapigo manne, ambao wanamuziki huuita baa, huchukua sekunde 2.5, na lupu ya baa nne huchukua sekunde 10 kamili. Fundi akiikata ikazidi kwa milisekunde 20 tu, kisha akaiacha izunguke yenyewe mara 18 katika wimbo wa dakika tatu, mwishoni itakuwa imechelewa kwa sekunde 0.36, muda unaopita nusu ya pigo moja, na ngoma zitakuwa zimeachana kabisa na sauti ya mwimbaji. Hata urefu ukiwa sahihi, kisu kikipita mahali ambapo wimbi la sauti liko juu badala ya pale linapovuka sifuri, husikika mlio mdogo wa "tik" kila lupu inapoanza upya. Fundi mzuri hukuza picha ya wimbi kwenye kioo cha kompyuta hadi aione nukta hiyo, naye hafanyi hivyo kwa kuwa kuna atakayemsifu, bali kwa kuwa sikio lake limekataa kuvumilia.

Ndiyo maana kuchagua programu ni sehemu ya ufundi wenyewe. Kila programu ina namna yake ya kumfundisha mtu kuuona wakati, na anayeichagua huchagua pia mazoea yatakayomwongoza kwa miaka mingi. FL Studio, iliyotolewa Desemba 1997 kwa jina la FruityLoops, kazi ya Didier Dambron katika kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, humwonyesha mtumiaji safu ya vitufe 16 kwa kila chombo, kila kitufe kikiwa robo ya pigo, hivi kwamba anayejua tu mahali anapotaka ngoma za kiki na sneya zigonge anaweza kupata mdundo kabla ya kujua nadharia yoyote ya muziki. Acid, iliyotolewa mwaka 1998 na Sonic Foundry ya Marekani, ilianzia upande mwingine: mtu humwaga lupu zilizokwisha kurekodiwa, nayo programu huzinyoosha au kuzibana zifuate kasi moja bila kubadili kimo cha sauti zao. Ableton Live, iliyotoka Berlin mwaka 2001, huviacha vipande vikae kama vidirisha vinavyowashwa na kuzimwa papo hapo, jambo linalowafaa wanaopiga muziki mbele ya watu.

Kunyoosha huko kuna gharama yake. Lupu ya kasi ya 80 ikilazimishwa kufika 110, ngoma hupoteza ukali wa mapigo yake na sauti za watu huanza kuwa na ukungu. Mara nyingi ni afadhali kuikata lupu vipande vipande penye kila pigo, kisha kuvipanga upya kwa kasi mpya, kila pigo likibaki na sauti yake halisi. Programu inayorahisisha ukataji huo inafaa zaidi kuliko ile inayojigamba kwa maelfu ya lupu zilizoandaliwa tayari, ambazo mtu wa São Paulo na mtu wa Kariobangi watazipata zikiwa zile zile.

Hata hivyo, muziki wa Eastlands husimama kwa maneno. Kisheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, kina kasi yake, mizaha yake na vituo vyake vya ghafla, na mdundo ulioshindiliwa vyombo hukifunika. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha programu kiwe namna inavyoipokea sauti ya mtu, na hapa wengi hukosea wanaponunua: toleo la bei ya chini kabisa la FL Studio limekuwa likiuzwa bila uwezo wa kurekodi sauti, na toleo la majaribio humruhusu mtu kuhifadhi kazi lakini haliifungui tena mpaka alipie. LMMS ni ya bure na hutengeneza midundo vizuri, ila si chombo cha kurekodia mwimbaji. GarageBand haitoki nje ya vifaa vya Apple. Reaper, ambayo hujaribiwa kwa siku 60 na ambayo leseni yake ya mtu binafsi imekuwa dola 60, haiji na hazina ya lupu, lakini hurekodi kwa uaminifu hata kwenye kompyuta kuukuu, na kwa kijana mwenye laptopu ya mtumba ya Luthuli Avenue hilo lina uzito mkubwa.

Uzito huo hutokana na ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya mtu kutamka na kujisikia kwenye hedifoni. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu ya sampuli, yaani vipimo vidogo vya wimbi la sauti. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 512 huchelewesha karibu milisekunde 12 kwenda peke yake, na safari ya kurudi huongeza nyingine. Rapa anayejisikia kwa kuchelewa huanza kuvuta maneno bila kujua, na hakuna uhariri utakaomrudishia mkao wake. Akipunguza fungu hadi 128 mashine dhaifu hukwama na sauti hukatikakatika. Dawa ya mafundi wa chumba kimoja ni nzuri na haina gharama: hugeuza mdundo mzima kuwa faili moja, huzima vyombo vyote vingine, kisha humrekodi mwimbaji juu ya faili hiyo kwa fungu dogo, kompyuta ikiwa imetuliwa mzigo. Blanketi nzito nyuma ya mwimbaji husaidia zaidi kuliko trei za mayai ukutani, kwa kuwa hufyonza vizuri zaidi mwangwi wa chumba, ingawa si blanketi wala trei zinazozuia mngurumo wa matatu au muziki wa jirani.

Linabaki suala la mwenye mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda aliyerekodi na aliyetunga, na mfuko wa lupu unaouzwa huwa na masharti yake. Anayeinyofoa lupu kutoka kwenye wimbo wa genge wa miaka ya 2000 anagusa jasho la watu ambao wengi wao bado wako hai, baadhi wakiwa majirani zake, na anapaswa kuwaomba na kuwalipa kabla ya wimbo kutoka. Atunze pia kazi yake mwenyewe: kila chombo na kila sauti vitolewe kama faili za WAV zinazojitegemea, zote zikianzia sekunde ya sifuri, kasi ya wimbo ikiandikwa kwenye jina la folda, ili siku laptopu ikifa au produsa mwingine wa Dandora akitumia programu tofauti, faili hizo zipangwe pamoja na wimbo uendelee pale ulipoachwa.