Dalali Anayekuja Bila Mteja

Dalali stadi akipigiwa simu kwamba kuna nyumba inauzwa Tabata au Mbagala, siku ya kwanza huenda peke yake. Haongozani na mteja, hapigi picha, na bei haiulizi mpaka amalize kuzunguka. Mwenye nyumba mwenye shida ya haraka huona anacheleweshwa, maana huenda madalali wengine watatu wameshaisambaza nyumba hiyo kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mmoja na bei yake na cha juu chake. Mzee mmoja wa kazi hii, ambaye nimefuatana naye mara nyingi katika mizunguko ya namna hiyo jijini Dar es Salaam, amenifanya niamini kwamba kuitayarisha nyumba iuzwe ni ufundi kamili, wenye macho na mikono yake, kama ulivyo ufundi wa seremala. Sehemu kubwa ya ufundi huo hufanyika kabla mnunuzi hajajulikana.

Huanzia nje, ng'ambo ya barabara. Anasimama pale ambapo mnunuzi atashukia bodaboda au kuegesha gari, na anakaa hapo kwa muda unaomchosha mwenyeji aliyekwisha kufungua geti. Anatazama maji ya mvua yanaelekea wapi, kwa kusoma mchanga na takataka zilizonasa kwenye uzio. Anatazama mtaro wa jirani unamwaga upande gani. Anakagua ukuta wa mbele kama una alama ya X nyekundu, au mabaki yake chini ya rangi mpya. Tangu bomoabomoa ya 2017 kati ya Kimara na Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, mnunuzi wa Dar haachi kuuliza hifadhi ya barabara inaishia wapi, na mzee hataki swali hilo limkute mwenye nyumba akibabaika. Akipata jibu analiandika kwenye daftari lake. Akilikosa, anamtuma mwenye nyumba ofisi ya ardhi ya manispaa kabla ya jambo lingine lolote.

Ndani, kitu cha kwanza anachokitafuta ni chumvi. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa kwa tofali za saruji na mchanga, na maji ya ardhini hupanda kwenye kuta polepole, hasa pale msingi ulipofukiwa na udongo wa nje, au pale nailoni ya kuzuia unyevu ilipoachwa kuwekwa ili kubana matumizi. Maji yakikaukia usoni mwa ukuta huacha unga mweupe. Rangi huvimba, kisha hubanduka, na lipu ikaanza kumung'unyika kwa kuguswa tu. Hapo ndipo muuzaji wa kawaida anapokosea. Anamwita fundi rangi, anapiga rangi ya mafuta inayong'aa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na wiki inayofuata anaita wateja. Rangi ile imeziba ukuta, maji yamekosa pa kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi, na baada ya muda doa lililokuwa kiunoni linakutwa kifuani. Mnunuzi aliyewahi kujenga hata kibanda hulitambua akiwa mlangoni. Na akishalitambua, haangalii tena ukubwa wa sebule. Anaanza kuwaza ni nini kingine kimefunikwa.

Mzee huchukua kipande cha nailoni safi na kukibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, bila kuacha upenyo, akakiacha mpaka kesho yake. Akirudi, anakitazama kwanza kabla ya kukibandua. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Yakiwa upande wa chumbani, shida ni hewa: chumba hakipitishi upepo, au mvuke wa jikoni na bafuni hauna njia ya kutoka. Baada ya hapo hutoka nje kufuata chanzo, na mara nyingi hukikuta karibu: gata lililoziba, bomba linalovuja chini kwa chini, karo la kufulia lililojengwa likiegemea ukuta, bustani iliyoinuliwa mpaka ikaupita msingi. Chanzo huondolewa kwanza. Ndipo lipu inabanguliwa hadi tofali lionekane, ukuta unaachwa ukauke kwa wiki kadhaa, inapigwa lipu mpya iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, na rangi inakuja mwisho kabisa. Wenye nyumba hulalamika sana juu ya zile wiki za kusubiri. Yeye habishani nao. Hupitisha kidole ukutani, akawaonyesha ule unga, na kusema, “Mama, mteja atakukata hapa hapa.”

Nampenda zaidi kwa yale anayowakataza watu kufanya. Dari ya jipsam yenye taa za rangi, vigae vipya vya sebuleni, makabati ya jikoni ya bei mbaya: vyote hivyo huviona kama fedha inayotupwa, kwa sababu mnunuzi ana macho yake na huenda akavivunja mwezi wa kwanza. Anachotaka ni vitu vidogo vinavyofanya kazi. Kitasa kifunge. Swichi isicheze. Bomba lisidondoke tone. Mfuniko wa chemba ukae sawasawa na usitoe harufu. Bati lililotoboka libadilishwe, na alama ya maji iliyobaki darini isipakwe chokaa kabla kenchi hazijakaguliwa. Kisha nyumba ipunguzwe vitu. Sebule za kwetu hujaa makochi, na chumba cha akiba hujaa mabegi ya ndugu wa mkoani, magodoro na feni mbovu, kiasi kwamba mgeni hawezi kujua chumba kina ukubwa gani. Muuzaji anatakiwa kuhama kidogo kabla ya kuhama.

Wapangaji nao wana nafasi yao katika matayarisho haya, na wauzaji wengi huwasahau. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita akisikia kwa jirani kwamba nyumba inauzwa, atawaeleza wateja kila kasoro anayoijua na nyingine za kuongezea, na sioni wa kumlaumu. Mzee hudai mwenye nyumba awaite, awaambie mwenyewe, na iandikwe wazi kodi ya kila mmoja inaishia mwezi gani na nani atakayeheshimu muda uliobaki.

Halafu zinakuja karatasi. Hapa ndipo ninapouona ufundi wake katika kilele, ingawa kwa mtazamaji hakuna cha kutazama zaidi ya mtu mzima aliyevaa miwani akisoma. Hutandaza kila kitu mezani: hati miliki kama ipo, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 33, 66 au 99, leseni ya makazi kwa nyumba za maeneo ambayo hayajapimwa, au ule mkataba wa zamani wa mauziano uliosainiwa mbele ya mjumbe, wenye mihuri iliyofifia. Anasoma jina herufi kwa herufi na kulilinganisha na kitambulisho cha NIDA. Hati inasema Saidi, kitambulisho kinasema Said, na yeye anajua kwamba herufi hiyo moja inaweza kuchelewesha uhamisho kwa miezi ikiwa wakili hakuandaa kiapo mapema. Anamshauri mwenye nyumba afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla mnunuzi hajaufanya, kwani yapo mazuio yaliyowekwa na ndugu au mdai wa zamani ambayo mwenye nyumba mwenyewe hana habari nayo. Mipaka ikiwa na utata, anataka mpima aje azirudishe bikoni mahali pake wakati majirani wapo na wanaona.

Na anauliza juu ya ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Wanaume wengi huliona swali hilo la kuwadhalilisha. Mzee hulisema kwa upole, lakini haliachi. Husema, “Baba, nakuomba nimsalimie na mama,” na mazungumzo huendelea pale tu mama anapokuja na kuketi.

Palipo na msiba, hufanya kazi yake taratibu zaidi. Niliwahi kuketi naye kwa mjane mmoja, shemeji zake wawili wakiwa pembeni, hati ikiwa bado na jina la marehemu. Mmoja wa mashemeji alikuwa ameshapata mteja mwenye fedha mkononi. Mzee hakuuliza vyumba ni vingapi. Aliuliza, “Marehemu ameacha watoto wangapi, na wako wapi?” Akayaandika majina yote, pamoja na la kijana mmoja aliyetajwa mwishoni na kwa sauti ya chini, mtoto wa mama mwingine. Kisha akawaeleza kwamba bila kikao cha familia, bila mahakama kumteua msimamizi wa mirathi, na bila jina la msimamizi kuingizwa kwenye hati, hakuna wa kuuza hapo, na mteja mwenye fedha mkononi leo ndiye atakayekuwa mdai mahakamani kesho. Shemeji alikasirika na kuondoka. Mjane alibaki, akamuuliza mzee mahakama iko upande gani.

Kodi huielezea kwa ufupi, ila hairuki. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na wauzaji wengi wamejenga dhana kwamba wakinunua umeme wamemaliza. Kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka hulipwa kivyake, na malimbikizo yake hujitokeza siku ya kuhamisha hati, siku ambayo hakuna mtu anayetaka kusikia neno malimbikizo. Halafu kuna kodi ya faida itokanayo na mauzo. Mkazi hutozwa 10% ya faida, na nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi husamehewa faida isiyozidi shilingi milioni 15. Asiye na kumbukumbu za gharama amewekewa njia nyingine na Sheria ya Fedha ya 2023: 3% ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa. Chukua nyumba ya kupangisha iliyouzwa kwa milioni 100. Mwenye risiti za saruji, nondo, bati na mafundi zinazofika milioni 80 analipa milioni 2. Aliyezitupa analipa 3. Ndiyo maana mzee akiingia nyumba yoyote, hata isiyouzwa, huwasihi watu waweke risiti za ujenzi kwenye faili, na ningependa mafundi wote wa mji huu wajifunze kusema hivyo.

Bei huja baada ya yote hayo. Mwenye nyumba huwa na tarakimu yake kichwani, na mara nyingi imetokana na deni analotaka kulipa, ada ya mtoto, au majigambo ya jirani aliyeuza mwaka juzi. Mzee huisikiliza bila kuicheka, kisha huomba mthamini aliyesajiliwa aitwe. Ripoti ya thamani itahitajika wakati wa uhamisho hata hivyo, na itapita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Kuipata mapema kunampa muuzaji sakafu ya kusimamia. Pia hutaka bei iwe moja na msemaji awe mmoja. Nyumba inayotajwa kwa bei tatu na watu watatu humfanya mnunuzi asubiri ya nne, na ikikaa sokoni mwaka mzima mtaa huanza kuitungia sababu.

Akisharidhika ndipo anapoleta mteja, na kama ni msimu wa masika, huchagua siku ya mvua. Jambo hili lilinishangaza nilipoliona mara ya kwanza. Mnunuzi anaingia viatu vikiwa na tope, anasikia maji yakitiririka kwenye gata na kuishia mtaroni, anaona kuta kavu, na maswali yake kumi yamejibiwa kabla hajayauliza. Kasoro zilizobaki mzee huzitaja mwenyewe: shimo la choo linanyonywa kila mwaka, maji ya DAWASA yana siku zake, chumba cha nyuma kina joto mchana. Anazitaja mwenye nyumba akisikia, kwa sababu walishakubaliana.

Malipo hupitia benki na mkataba husainiwa mbele ya wakili. Hapo hana mengi ya kuongeza. Lakini kabla ya funguo kutolewa huwa amemketisha muuzaji na daftari la shule, aandike kurasa mbili kwa mkono wake: chemba ziko wapi na zilifunguliwa lini, bomba kuu linapita chini ya dirisha gani, swichi kuu, namba ya mita ya umeme na ya maji na tarakimu za siku ile, nani alipiga bati, jirani gani ana ufunguo wa geti la uchochoroni. Mwenye nyumba mmoja wa Mbagala alijaza kurasa sita. Alichora hata mahali ulipokatwa mwembe, ili wenyeji wapya wasije wakajenga juu ya mizizi inayooza.