Tandiko la Kitambaa kwa Mgongo wa Kuku: Uchambuzi wa Ushonaji Wake

Katika mabanda madogo ya nyuma ya nyumba huko Uingereza na Marekani, ambako watu hufuga kuku wachache kwa ajili ya mayai ya nyumbani, imeenea desturi ya kumvisha tembe tandiko, yaani kipande cha kitambaa kinacholazwa juu ya mgongo wake na kushikiliwa na mikanda miwili ya lastiki inayopita chini ya mbawa. Kazi ya tandiko ni kuikinga ngozi dhidi ya jogoo, ambaye anapompanda tembe humshika manyoya ya kisogo kwa mdomo, humkalia mgongoni na kukanyagakanyaga asije akateleza, huku kucha zake na vipi, yaani miiba migumu inayoota nyuma ya miguu yake, vikikwaruza pale pale vilipokwaruza jana. Tendo lenyewe humalizika kwa sekunde chache. Hata hivyo, jogoo wa aina ya Rhode Island Red hufikia karibu kilo 4 na tembe wake karibu kilo 3, na kwa kuwa jogoo huwa na vipenzi wake, madhara huwaangukia tembe wawili watatu ilhali wenzao hubaki na manyoya kamili.

Unyoya uliokatika hauoti upya papo hapo. Kisiki chake hubaki ndani ya ngozi mpaka msimu wa kupukutisha manyoya, kwa kuwa mwili huotesha unyoya mpya pale tu ule wa zamani unapong'oka wote, na katika nchi zilizo mbali na ikweta msimu huo huchochewa na kufupika kwa mchana, hivyo kwamba tembe aliyevunjikiwa manyoya mwezi Machi anaweza kukaa na mgongo mtupu hadi Septemba au Oktoba. (Karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, kichocheo hicho ni dhaifu, na kuku hupukutisha kwa nyakati zinazotofautiana.) Mshonaji basi anatakiwa kutengeneza vazi la miezi kadhaa, litakalovaliwa na kiumbe kisichotoka jasho, kinachojipunguzia joto kwa kuhema na kwa kuziachanisha mbawa na mwili, na ndiyo maana tandiko zuri hutambulikana zaidi kwa sehemu linazoziacha wazi.

Sehemu ya kwanza ni tezi ya mafuta, iliyoko juu kidogo ya shina la mkia, ambayo kuku huibonyeza kwa mdomo na kuyapaka mafuta yake kwenye manyoya ili yasichakae. Pindo la nyuma likiifunika tezi hiyo, tembe hawezi kujitunza. Likikatwa fupi mno, kucha za jogoo huteleza na kuangukia kiunoni, mahali ambapo ngozi ni nyembamba. Washonaji wenye uzoefu huukata upande huo kwa umbo la nusu duara na kuuacha ukining'inia bila kufungwa, ili mdomo wa kuku uweze kuusukuma kando. Kwa tembe wa umbo la wastani, kitambaa huwa na urefu wa takribani sentimita 20 hadi 23 na upana wa sentimita 18 hivi nyuma, kikichongoka kuelekea shingoni.

Mikanda ndiyo inayowashinda wengi. Ncha moja ya lastiki hushonewa kwenye kona ya shingoni na nyingine kwenye ukingo wa ubavuni, hata ikapatikana tundu ambamo bawa hupitishwa kama mkono unavyopita kwenye kwapa la fulana. Lastiki nyembamba hukata ngozi, kwa hiyo hupendelewa ile yenye upana wa sentimita 2. Iliyolegea ni hatari zaidi, kwani kuku anapojikuna kichwa kwa mguu, ukucha hunasa humo. Ncha hizo hubanwa kati ya tabaka mbili za kitambaa zilizowekwa uso kwa uso, tabaka hizo hushonwa pamoja kuzunguka ukingo isipokuwa nafasi ndogo ya kugeuzia, na baada ya kugeuzwa mshono wa pili hupitishwa juu ya ukingo wote. Nyuzi zinazoning'inia hukatwa zote, maana kuku hudonoa na kumeza.

Kwa tabaka la nje, jinzi au khaki hufaa, kwa kuwa vitambaa hivyo hufumwa kwa kukazwa na haviachi vitanzi vya kunasia kucha. Kasoro hiyo ndiyo inayozikabili sweta za sufu, ambazo wapenzi wa kuku nchini Uingereza wamekuwa wakiwafumia kuku waliostaafishwa kutoka kwenye mashamba ya mayai: hupendeza katika picha, lakini hunyonya maji na kuusugua unyoya mchanga, ambao bado una damu ndani yake na ambao ukivunjika huvuja na kuwavutia wenzake kumdonoa. Tabaka la ndani, kwa sababu hiyo hiyo, huwa pamba laini. Wapo pia wanaochora macho makubwa juu ya tandiko wakidai kwamba mwewe ataogopa, dai ambalo halistahili uzi wa ziada.

Chini ya kitambaa chochote, chawa na utitiri hupata maficho, hasa kwa kuwa tandiko huuzuia mchanga kufika mgongoni kuku anapojigaragaza kujisafisha. Kuvuliwa mara kwa mara, kukaguliwa ngozi na kufuliwa kitambaa ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Aidha, pale ambapo jogoo mmoja ana tembe watatu tu badala ya wanane hadi kumi, tandiko huchanika kabla manyoya hayajarudi. Anayetaka mayai ya kula hahitaji jogoo kabisa, na anayetaka vifaranga anaweza kumtenga kwa siku kadhaa kila mara, kwa kuwa tembe huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa takribani wiki mbili na mayai yake huendelea kuwa na uwezo wa kuanguliwa.