Barua ya Kwanza Kutoka Nashville

Santuri ya Dolly Parton iitwayo My Tennessee Mountain Home, iliyotolewa na kampuni ya RCA mwaka 1973, haifunguki kwa wimbo. Inafunguka kwa barua. Kwa sauti ya mazungumzo, mwimbaji anasoma waraka wa kwanza aliowapelekea wazazi wake baada ya kuwasili Nashville mwaka 1964. Alikuwa na miaka 18. Siku moja tu baada ya kuhitimu sekondari aliiacha milima ya Sevier, mashariki mwa jimbo la Tennessee, akaelekea mji ulioko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Huko ndiko zilikokuwa studio, wachapishaji wa nyimbo na jukwaa la Grand Ole Opry. Aliyetaka kuishi kwa kuimba kantri aghalabu alifunga safari ya huko.

Barua yenyewe ni ya mtoto anayepima maneno. Anakiri kwamba alilia njiani, kisha upesi anawatuliza wazee kwamba akijitahidi atafanikiwa. Waliozoea nyaraka za kishairi za pwani wataitambua hali hii: waraka haumlengi yule tu aliyetajwa juu yake, bali pia wale watakaokaa barazani kuusikiliza ukisomwa. Na baraza la mwaka 1973 lilikuwa pana. Watu wengi mno wa milima ya Appalachia walikuwa wamekwisha kuhamia Detroit, Chicago na Cincinnati kutafuta kazi za viwandani. Nao walikuwa na barua zao za kuwatuliza wazee.

Kwa kutanguliza barua, Parton anaamua namna nyimbo zote zinazofuata zitakavyosikika. Buti za kazi za baba, birika jeusi, daktari Robert F. Thomas aliyemzalisha mama yake (na ambaye, kama isimuliwavyo, alilipwa mfuko wa unga wa mahindi), vyote vinatazamwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Angebaki kule mlimani, yumkini birika lingekuwa chombo cha kuchemshia maji, basi.

Uzito wa kazi hii umo katika “In the Good Old Days (When Times Were Bad)”, wimbo ambao alikwisha kuurekodi mara ya kwanza mwaka 1968. Humo hapana mapambo. Kuna njaa, mazao yaliyoharibika na mikono ya baba iliyopasuka kwa kazi. Msemaji anazienzi kumbukumbu zake kuliko mali, lakini pia anakataa katakata kurudi kuyaishi yale aliyoyaishi. Kauli hizo mbili zinakaa katika kiitikio kimoja bila kupatanishwa, na msanii anafanya vyema kutozipatanisha. Anayehama kwa hiari huwa na deni la namna hii, na nyimbo nyingi za kantri hulipa nusu yake tu, ile nusu tamu.

Wimbo uliobeba jina la santuri ni mmojawapo wa hizo. Ni mzuri masikioni, na ndio unaopendwa zaidi. Lakini umaskini umefagiliwa nje ya ua wake. Mtu akiusikiliza peke yake, kama redio zilivyozoea kuupiga, hataelewa kwa nini binti huyu aliondoka siku moja tu baada ya shule.

Kasoro kubwa zaidi iko mwishoni. “Down on Music Row” unasimulia jinsi mgeni alivyozunguka na nyimbo zake katika mtaa wa makampuni ya muziki hadi RCA ikamsikiliza. Katika maisha yenyewe ilipita miaka mitatu kabla RCA haijamsajili, mwaka 1967, baada ya kurekodi kwanza na kampuni ya Monument. Wimbo unaipita miaka hiyo kwa dakika chache zenye furaha, na mji unaachiwa bila lawama hata moja. Wale waliozunguka mtaa huohuo wakarudi makwao bila mkataba hawana ubeti.

Jalada, hata hivyo, halikosei. Linaonyesha nyumba ya mbao iliyokaliwa na familia ya Parton alipokuwa mdogo. Mwimbaji mwenyewe hayumo pichani.