Pongezi kwa Mzee Majuto

Basi la kusini likipita Kibiti huku runinga yake ikionyesha filamu ya mchekeshaji King Majuto, abiria wasiojuana hucheka pamoja. Majuto, jina lake halisi Amri Athuman wa Tanga, aliyefariki hospitali ya Muhimbili Agosti 2018, aliwaigiza watu tunaoishi nao: mzee bahili, mzee mkware, baba anayejifanya msafi. Alinyamaza kidogo, akakodoa macho, akatoa sentensi moja, na unafiki wote ukawa uchi. Alianzia jukwaani, akaja kwenye filamu, na wachekeshaji wengi wamejifunza kwake. Kuchekesha hivyo ni kazi ngumu kuliko kuliza watu, nayo haisifiwi vya kutosha. Vijana wa Nyamisati na Ikwiriri wanaojirekodi kwa simu wamtazame kwa makini, hasa anavyosubiri kabla ya kusema.